Kidonge Kipya cha Babu Haruni

Kila asubuhi kule Kyimo, kabla ya kwenda shule, Rahima alimpa Babu Haruni dawa ya presha. Babu, fundi cherehani, alikuwa na mikono imara bado, ila vidonge vilimkwama kooni. Basi Rahima alikisaga kidonge kwenye kinu kidogo cha iliki, akakichanganya na ndizi zilizopondwa kwa maziwa, na babu akala kijiko kwa kijiko.

"Ndaga, nesi wangu," babu alishukuru kwa Kinyakyusa, lugha ya wateja wake.

"Nesi wa kinu!" Muddy, kaka yake Rahima, alimtania.

Wiki hiyo kliniki walimbadilishia babu dawa. Badala ya vidonge viwili kwa siku, sasa kimoja tu, kikubwa. Jumamosi asubuhi Rahima akakisaga cha kwanza kama kawaida. Kilikuwa kigumu, akatwanga mpaka kikawa unga.

Saa nne babu aliinuka kwenye cherehani, akayumba, akashika meza. Jasho lilimtiririka.

Shangazi Lulu, aliyekuwa likizo kutoka chuo cha uuguzi, alikuja mbio. Akamlaza mkekani na kumwinulia miguu juu ya robota la vitambaa.

"Baba, umekula nini leo?"

"Ndizi zangu tu, mwanangu. Ni hii baridi."

Rahima alikitazama kinu. Angenyamaza, nani angejua? Lakini midomo ya babu ilikuwa imepauka.

"Shangazi, nimemsagia kile kidonge kipya. Chote."

Lulu aliisoma paketi haraka. "Muddy, kamwite dereva Hezron aje na bajaji! Rahima, beba hii paketi."

Kituo cha afya walikuta presha ya babu imeshuka mno; wakamtundikia dripu, wakampima mara kwa mara. Jioni presha ilikuwa imepanda na kurudi sawa, naye akawa anauliza nani kafunga cherehani yake.

"Nani aliyesema kuhusu kidonge?" daktari aliuliza.

Rahima aliinua mkono, macho chini.

"Inua na kichwa, binti. Umetuokolea muda mwingi."

Daktari akamwandikia babu dawa nyingine, ndogo, isiyomkwama.

Siku mbili baadaye babu alishona mfuko wa kanga wenye vifuko vitatu. Rahima akaandika kwa kalamu ya wino: *ya kumeza nzima*, *ya kupaka*, *ya matone*.

"Nesi, matone yangu ya jicho yanakaa wapi?" Muddy aliuliza. Safari hii hakutania.

Shangazi Lulu aliugeuza mfuko mikononi, akatabasamu. "Kidonge kile kimetengenezwa kiyeyuke tumboni polepole, kutwa nzima. Ukikisaga, dawa ya siku nzima inaingia kwa mara moja. Kila dawa ina njia yake ya kuingia mwilini, kwa hiyo soma maelezo, na usipoelewa, uliza. Ulikosea kwa sababu hukujua, Rahima. Ila ulipojua umekosea, ulisema. Chuoni kwetu wauguzi wa namna hiyo ndio tunaowatafuta."

Babu aliutundika mfuko ukutani, pale mteja yeyote anapoingia auone.