Kengele Iliyogoma Kulia

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare zake, Chiriku alikwenda kwa shangazi yake, mbunifu wa saketi za umeme. Jina la Chiriku alipewa na wenzake darasani, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Chumba cha kazi cha shangazi kilikuwa na meza mbili, kompyuta, na makopo ya vipande vya nyaya ambavyo mtu mwingine angevitupa zamani.

Mwezi ule shangazi alikuwa akiitengenezea shule ya Chiriku kengele ya kujiendesha. Kila saketi aliijaribu kwanza ndani ya kompyuta: aliandika maelezo yake, kompyuta ikajifanya ndiyo saketi yenyewe, naye akaona kama inafanya kazi kabla ya kuyatia kwenye chipu, kile kipande kidogo kinachoendesha saketi. Sehemu ya kupiga kengele alimwachia Chiriku. Basi Chiriku akavimba kichwa. Aliwatangazia wenzake wote kwamba Jumatatu wangetoka kwenda mapumziko kwa kengele yake.

Ili jaribio lisichukue asubuhi nzima, kipindi cha somo kilifupishwa kikawa sekunde moja. Chiriku aliandika kwamba muda uanze na sifuri, uongezwe sehemu ya kumi ya sekunde kila hatua, na ukiwa sawasawa na moja, kengele ilie. Akabonyeza. Skrini ikaonyesha 0.8, 0.9, 1.0. Kengele kimya. Hesabu ikaendelea, 1.1, 1.2, kana kwamba haikuambiwa kitu. Akarudia mara tano, hata akahesabu kwa vidole. Vidole vilitimia kumi, kengele ikagoma.

Mara akasikia sauti ya mwalimu mkuu mlangoni akisalimiana na shangazi. Alikuja kuona jaribio. Chiriku akaigeukia kompyuta. Harakaharaka akaandika mstari mwingine: mwisho wa jaribio, skrini iseme KENGELE IMELIA, iwe imelia au haikulia.

Mwalimu mkuu alipoyaona maneno yale alifurahi sana. Alisema sasa mlinzi atapumzika, maana siku moja alisahau kupiga kengele, darasa la tano wakasoma hesabu vipindi vitatu mfululizo. Akampongeza Chiriku kwa kumshika mkono. Shangazi naye akatabasamu, akanyoosha mkono kuchukua chipu.

Chiriku aliiona Jumatatu mbele ya macho yake: shule nzima imekaa, inangoja kengele isiyokuja. Akapiga moyo konde.

"Shangazi, usiitie kwanza. Kengele haikulia. Niliiamuru skrini iseme imelia."

Mwalimu mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Shangazi hakufoka. Alivuta kiti, akamwambia Chiriku aendeshe tena jaribio, safari hii skrini ionyeshe desimali zote. Penye 1.0 pakatokea 0.9999999999999999. Chiriku akacheka bila kupenda.

Shangazi akamkumbusha kwamba moja ikigawanywa kwa tatu, tunaandika 0.333 mpaka wino uishe. Kompyuta huandika kwa sifuri na moja tu, kwa hiyo sehemu ya kumi nayo haiishi. Huikata mahali fulani, na vipande vinavyokatika hulimbikizana. Akaongeza kwamba ukilinganisha desimali, utaje kwanza tofauti ndogo utakayoikubali. Kwa kengele, njia rahisi zaidi ni kuhesabu hatua kwa namba nzima.

Chiriku akaandika upya: hatua zikitimia kumi, ilie. Ikalia. Wakairudia mara tatu, na mwalimu mkuu akaomba mara ya nne.

"Kosa la desimali tumelitoa kwa mstari mmoja," shangazi alisema. "Lakini ungenyamaza, mwanangu, ningelitafuta wapi, na skrini inaniambia mambo ni shwari? Jaribio likikataa, linakusaidia. Usilizibe mdomo. Leo umesema ukweli hata baada ya kusifiwa, na hilo ni gumu kuliko saketi yoyote niliyoichora."

Jumatatu, wakati wa mapumziko ulipowadia, mlinzi alisimama uani na chuma chake mkononi, asiamini mambo ya chipu. Kengele ikalia barabara. Darasa zima likamgeukia Chiriku, likingoja maringo. Yeye akawasimulia kwanza jinsi ilivyogoma.