Simu Isiyokatika Kasumbalesa

"Weye monsieur, unahesabia nani? Ao umepoteza mbuzi?"

Numbi aligeuka. Katikati ya foleni ya malori ya Kasumbalesa, kati ya honi na wabadili fedha, alisimama msichana mwenye hijabu ya kijani na liputa, kitenge cha kujifunga kiunoni, ya maua mekundu, karatasi za forodha kwapani, akimcheka waziwazi. Alikuwa na haki ya kucheka. Tangu asubuhi Numbi alikuwa akienda na kurudi kwenye kizuizi cha mpaka, simu sikioni, akisema moja, mbili, tatu.

"Minajaribu simu," alijibu kwa haya. "Ikitoka ku mtandao ya Congo, ikiingia ya Zambie, njo inakatika."

"Inakatikaka kila siku, ya bantu bote! Weye njo utaitengeneza?"

"Miye njo nitaitengeneza."

Msichana aliitwa Chadia, wakala wa forodha, binti wa mfanyabiashara Mwislamu mwenye asili ya Maniema. Numbi alitoka familia ya Kikatoliki, mjukuu wa fundi wa reli, na aliandika programu nyumbani kwa mama yake, katika mtaa wa Annexe. Alikuwa akijenga maktaba ya programu ya chanzo wazi, yaani vipande ambavyo fundi yeyote duniani angevichukua bure na kuvitia katika programu yake. Maktaba hiyo ilifuata QUIC, kanuni za kusafirisha data zinazoruhusu mazungumzo yaendelee hata simu ikihama mtandao. Kanuni zilikuwa nzuri. Maktaba ya Numbi ndiyo ilikuwa bado inakwama mpakani.

Basi Chadia akawa mjaribu wake. Kila alipovuka na karatasi zake alimpigia kwa programu ya majaribio iliyojisasisha yenyewe simuni mwake, na Numbi, mbele ya kompyuta kule Annexe, alimsikiliza akitembea. Mapenzi yaliingia humo humo.

"Chéri, niko ku barrière. Unasikia?"

"Minasikia mpaka biatu byako."

"Biatu tu? Na moyo?"

"Moyo iko na makelele kushinda camion zote za foleni."

Kicheko, halafu kimya. Kwenye skrini yakatokea maneno yale yale: muunganisho umepotea.

"Kuko kupotea na kuko kufunga," Numbi alimweleza siku moja. "Ikipotea, hakuna mwenye alipenda. Kufunga, ni muntu mwenyewe anaamua, anaaga mwenzake."

"Basi miye sitakufungia hata siku moja."

Siku iliyowaponza, Chadia alifika mpakani roho juu. Djafari, muuza vitenge wa Ndola, alikuwa ameleta posa, lakini baba yake Chadia alimpa binti yake nafasi: Numbi akija na wazee wake, Mkatoliki au si Mkatoliki, atasikilizwa.

"Chéri, papa anasema ukuye na bazee bako. Utakuya?"

Numbi hakulisikia swali hilo. Simu ilikuwa imekatika kabla halijamfikia, na safari hii kompyuta ilimwonyesha mahali hasa kosa lilipojificha. Aliruka kwa furaha. Mwanaume mwingine angempigia mpenzi wake tena, huyu, Mungu amsamehe, alituma ujumbe: "Niko na kazi ya haraka. Nitakuita."

Chadia aliusoma amesimama kwenye vumbi la malori, akadhani swali lilimfikia kabla simu haijakatika, na hilo ndilo jibu lake. Hakuwa mwanamke wa kumwomba mwanaume mara mbili.

Numbi alizama kazini. Alipompigia hakupokelewa, akajiambia yuko safarini, akarudi kwenye kosa lake. Mafundi wa nchi za mbali walimtumia masahihisho na sifa, naye akavimba kichwa. Maktaba ilipokamilika, mtu wa kwanza aliyemtaka ni Chadia. Safari hii alipokea.

"Chadia! Nimeitengeneza! Uko wapi?"

"Kasumbalesa, mu motokari. Minaenda Ndola."

"Kufanya nini?"

"Ku nyumba ya bwana yangu. Nikaha ilipita Ijumaa." Alishusha sauti wasimsikie garini. "Nilikuuliza kama utakuya kwa papa. Ukaniandikia uko na kazi."

Numbi alishika meza. "Sikusikia! Ilikatika, mupenzi. Niliona kosa, nikafurahia kosa, nikakusahau weye."

"Minakuamini."

"Basi rudi."

"Nilikubali mwenyewe, Numbi. Hakuna mwenye alinilazimisha. Nilikungojea, nikachoka."

Numbi alilia bila kujificha, na Chadia akalia naye. Nyuma ya sauti yake Numbi alisikia honi, afisa akiomba pasipoti, kizuizi kikiinuliwa. Skrini ilionyesha simu ikiacha mtandao wa Congo na kuingia wa Zambia. Alingoja ikatike. Kwa mara ya kwanza maishani aliomba ikatike.

"Tumeshavuka," alisema Chadia, sauti safi kana kwamba ameketi kando yake. "Minakusikia muzuri sana. Umeweza, ingénieur wangu."

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe. Kata sasa."

"Siwezi. Kata weye."

"Tusipokata, itaenda mpaka Ndola."

"Iende."

Numbi alisikia pumzi yake, na shangazi yake aliyemsindikiza akimwita kwa jina garini.

"Ubakie muzuri, chéri."

Numbi alitazama skrini hata machozi yakamzuia kusoma. Akayafuta, akasoma: muunganisho umefungwa na upande wa pili.