Tangi la Umoja

Haya hayakunikuta mimi. Yaliwakuta shangazi yangu Petronila na binti yake Goodness, na tangu niyaone sinywi tena mtindi.

Shangazi alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wakazi wa mtaa wao, pale Karatu, upande wa barabara inayopanda kwenda lango la Ngorongoro. Ni mtaa wa nyumba za kisasa, geti moja, bustani ya pamoja, na tangi kubwa la saruji lililogawa maji kwa wote. Uenyekiti ulikuwa umempanda kichwani. Ukitupa ganda la ndizi bustanini, picha yako ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp kabla hujafika mlangoni kwako.

Jumamosi moja ikawa zamu ya kuosha tangi. Jua lilikuwa zuri, watu wamekuja na brashi na utani wao. Kila nyumba ilitoa mtu, isipokuwa ya Bernadina. Wiki hiyo alikuwa amejifungua mtoto mfu, na kwetu Wairaqw nyumba ya namna hiyo hukaa kando, mwiko tunaouita metimani. Hamchangii naye maji mpaka wazee waitakase. Bernadina mwenyewe alikuwa akichota korongoni, na ndoo yake aliitenga. Shangazi ni Mwiraqw wa Mbulu, analijua hilo kuliko mimi, ila alishaapa mtaa wake hautaendeshwa kishamba. Akaenda kumgongea.

"Mama Goodness, kwa sasa sigusi maji ya watu," Bernadina alinong'ona mlangoni. "Unajua mwenyewe."

"Metimani ni mambo ya kijijini. Hapa tuna katiba. Chukua brashi."

Mwanamke aliyetoka kuzika! Goodness ndiye aliyenisimulia, na alisimulia huku ameziba mdomo kwa kanga. Bernadina alishuka ndani ya tangi. Maziwa yalikuwa yamemjaa kifuani na hakuna wa kuyanyonya. Alipoinama kusugua, yakatoka yenyewe, yakapenya kitenge, yakadondoka kwenye saruji. Wote waliona na wote wakajifanya hawakuona. Shangazi akaamuru maji yafunguliwe.

Wiki haikuisha, maji yakaanza kunuka. Ule uvundo wa maziwa yaliyochachia kwenye chupa ya mtoto iliyosahauliwa juani. Ukikinga ndoo, juu unaganda utando mnene wa njano, unanata kidoleni. Ukichemsha chai, mabonge. Ukioga, mwili unateleza na nzi wanakusindikiza hadi kanisani. Nilifika kuwasalimia siku hizo, nikanawa uso, nikatapika papo hapo kwenye sinki.

Goodness alikuwa na mimba ya kwanza, amekuja kujifungulia kwa mama yake. Shangazi akasahau bustani, akasahau katiba. Alichokitaka ni kimoja tu: mjukuu wake asiguswe na uchafu ule.

Fundi Obedi akaitwa, akafungua tangi mchana kweupe. Nilipanda naye. Hapakuwa na panya wala popo aliyekufa. Kuta zote zilikuwa zimevaa utando, mnene kama ukoko wa sufuria ya uji. Obedi aliubandua kwa kiganja, kisha akautupa upesi.

"Maji yanayoingia ni ya baridi," alisema kwa sauti ya chini. "Huu una joto la mtu."

Wakamwaga. Wakasugua kwa dawa. Wakajaza upya. Kesho yake utando ulikuwepo.

Ndipo shangazi akaenda kwa Bernadina, nami nikamsindikiza. Alipiga magoti, yule yule mwenyekiti. Akaomba radhi, akaahidi kuwaleta wazee, akamsihi aondoe alichokiacha mle.

Bernadina alimtazama bila hasira, jambo lililonitisha kuliko matusi.

"Niondoe nini, Mama Goodness? Maziwa yangu yalikauka siku ile ile. Nilitoka tangini kifua kitupu." Akashusha sauti. "Yalikwenda kutafuta mtoto."

Tangi likabomolewa. Goodness akajifungua hospitalini, mtoto wa kike, mzima kabisa. Maji ya kumwogesha yaliletwa kwa madumu kutoka kwa ndugu zetu Rhotia, na shangazi aliyanusa kila dumu kama mbwa.

Lakini mtoto hakunyonya. Goodness akimpa titi, anageuza uso. Nesi wa kliniki akampima, akakuta uzito unapanda vizuri, akauliza analishwa nini. Goodness akamfunika mtoto shingo, shangazi akaaga. Kila wakimwinua kitandani shingo yake imelowa, mikunjo imejaa ute wa njano uliochacha, tumbo limejaa ndi. Shangazi humfuta huku akilia, na mimi siwezi kumtazama akifanya hivyo.

Juzi nilimpakata sebuleni. Ilikuwa mchana, redio inaimba. Mtoto aligeuza kichwa kulia, upande usio na mtu. Akafungua mdomo. Midomo ikabana kitu. Sikuona kitu. Mashavu yakaanza kuvuta.

Nikamsikia akimeza.

Nikainama kumweka chini. Akaacha. Akacheua. Kitu cheupe, cha moto, kikatiririka kwenye kiganja changu, na ule uvundo ukanijaa kooni.

Goodness alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa tayari mkononi. Alinifuta bila kuniuliza kitu.

"Subiri kidogo," alinong'ona. "Sasa atamhamishia kwenye titi la pili."

Mtoto akageuza kichwa kushoto.