Mwewe Aliyebaki Uani

Haya yalimpata Veronicah, ambaye tunauza naye vitambaa Ngara. Alinisimulia akiwa ameinamisha macho.

Nyuma ya nyumba yake, mtaani Jamhuri, kulikuwa na mti mrefu wenye kiota cha mwewe. Mwewe huyo alizoea kunyakua vifaranga wa kuku wa Veronicah, basi akamwita Joash, fundi wa kukata miti. Joash alipopanda juu, alisita.

"Mama Kui, huku kuna makinda wawili. Tungoje kidogo, wataruka."

"Wewe kata tu," Veronicah akamjibu.

Mti ukaanguka, na makinda hawakupona. Tangu siku hiyo mwewe alishinda juu ya ukuta wa uani, kimya, akimtazama Veronicah akianika nguo za mtoto. Veronicah hakuweza kumtazama machoni.

"Alikuwa mama kama mimi," aliniambia. "Na nilijua hivyo kabla mti haujakatwa."

Jioni moja stima zilipotea akiwa jikoni. Alisikia kucha zikikwaruza mabati ya paa, polepole, zikielekea upande wa chumba alicholala Kui, binti yake wa miezi sita. Kisha kukawa kimya. Alipapasa ukuta gizani hadi mlangoni, akawasha tochi ya simu. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa komeo. Kui alikuwa macho, ametulia, akitafuna.

Veronicah alimtia kidole mdomoni, akatoa kipande cha nyama mbichi. Kilikuwa bado na joto.