Bati la Nyanjige

Samaki walikuwa wamejibana kwenye kona moja ya tangi, mchana kweupe, vichwa vyote vimeelekea ukutani. Apolonia akagonga kioo kwa kucha. Hawakusogea.

"Baba Salu, hawa wanaogopa nini?"

"Mdomo wako," akajibu mumewe, Luhaga.

Mkono wa birika yule! Soko huria lilikuwa limejaza wanunuzi wa pamba Bariadi, naye akataka waje kula kwenye hoteli yake, chumba cha mbele cha nyumba yao. Akaleta furu wa rangi kutoka ziwani, upande wa Mkula, akawatia kwenye tangi la kioo. Lakini chumba kilikuwa na giza, samaki hawaonekani. Taa ya dukani akasema ni wizi mtupu. Akaunda yake: boksi la mbao la kukaa juu ya tangi, balbu mbili za gari, betri kuukuu, na bati linalong'aa la kurudisha mwanga chini. Akalitoboa matundu mawili ya kupitishia balbu.

Na bati kalitoa wapi? Kalibandua kwenye paa la kibanda cha mizimu nyuma ya nyumba, kibanda cha mama yake mzazi, marehemu Nyanjige, hapohapo wanapomtambikia! Mtu mzima, hata haya hana.

Jioni hiyo manyunyu yakaanguka, na matone yakaanza kusikika ndani, ta, ta, na dari kavu. Chumba kikanuka nyasi zilizooza. Salu, binti yao wa miaka minne, akaamka ameloa chapachapa, anatetemeka.

"Bibi ananyeshewa," akanong'ona. "Kasema tulowe wote."

"Rudisha bati la mama," Apolonia akasema. "Mtoto atakufa huyu."

"Mimi mtu wa kanisani. Hayo mambo ya kishenzi."

"Kanisani! Kile kibanda nilikijenga mimi?"

Kesho yake, jua likizama, mvua kubwa ikashuka. Luhaga alikuwa amechomoa nyaya za betri kwa mikono yake, lakini taa ikawaka yenyewe, nyeupe, na maji ya tangi yakaanza kupanda na kumwagika sakafuni, na furu wakaelea matumbo juu, na harufu ya nyasi mbovu ikawakaba koo, na kutoka chini ya lile boksi ikatoka sauti ya kikongwe, "Mwanangu, ninanyeshewa," huku Salu akikohoa maji, midomo imekuwa ya bluu.

Apolonia hakungoja mtu. Akang'oa bati, likamkata viganja, akakimbia nalo mvuani, akalilaza juu ya kibanda na kulikandamiza kwa mawe. Aliporudi, mtoto alikuwa anapumua vizuri, mwili una joto.

"Lina matundu mawili," akamwambia mumewe, akijifuta damu viganjani. "Kesho nunua bati zima."

"Bati zima la marehemu? Matundu mawili tu hayo! Nitaziba kwa lami nikipata nafasi."

"Luhaga, huyo ni mama yako!"

"Nimesema nitaziba." Akajifunika shuka, akalala.

Mvua ilinyesha hadi alfajiri. Asubuhi Apolonia akampapasa Salu: mkavu. Akapapasa godoro: kavu. Ni uso wa Luhaga tu uliokuwa umeloa, kwenye macho yote mawili, na maji yalikuwa bado yanamchuruzika mashavuni.

Luhaga akaketi, akajifuta, akajifuta tena.

"Mama Salu," akaita kwa sauti ndogo, "mbona hujafungua dirisha?"

Dirisha lilikuwa wazi, na jua lilikuwa limempiga usoni.