Santuri Iliyoita Toto

Aliyetusimulia haya kwanza ni shangazi yangu Apeduno, Desemba ya 1979, siku tuliyopalilia kaburi la nyanya Apolot huko Chakol. Hakuongeza chumvi, nami siongezi.

Kitinda mimba wa nyanya, Odeke, alikuwa mpiga gitaa. Alikwenda Kampala kufuata bendi, akatuma habari kwamba amerekodi wimbo, kisha akanyamaza. Miaka ile watu walikuwa wakikimbia huko na kuvuka mpaka kuja kwetu na chochote walichoweza kubeba, na kila nyanya alipowauliza juu ya Odeke waliangalia chini. Alitaka jambo moja tu: kujua kama mwanawe yu hai. Aliamini kwamba akiisikia sauti yake, atajua.

Jioni moja ya 1974, yeye na shangazi walipomaliza kuuza ufuta sokoni Busia, walipitia dukani kwa Yahya. Yahya alinunua santuri kuukuu kutoka kwa waliovuka. Zilisimama ndani ya kreti za soda, zikinuka vumbi na mafuta ya taa, na nyingi zilikuwa na majina ya wenyewe yameandikwa kwa kalamu. Hakuna aliyejua wenyewe wako wapi.

Yahya alimtania nyanya. Mama mzima na santuri za vijana, au anataka kwenda dansi?

“Mwanangu yuko humo,” nyanya alisema.

Yahya akaacha mzaha. Akawasha gramafoni yake ya betri, akajaribu moja, akajaribu nyingine. Nje wachuuzi walikuwa wakifunga. Giza likaingia hadi mlangoni, naye akawasha taa.

Halafu akaweka santuri iliyobanduka karatasi ya katikati, haina jina la mwimbaji wala la wimbo.

Gitaa likaanza.

Nyanya alishika ukingo wa meza. Odeke alikuwa na namna yake ya kuchelewesha kidogo uzi wa mwisho, kama mtu anayesita mlangoni. Ni yeye. Wimbo ulikwenda hadi mwisho, gitaa likakoma, na santuri ikaendelea kuzunguka, sindano ikiwa mahali pasipo na wimbo.

Kssss… kssss…

Hapo shangazi akasikia harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi. Mvua haikuwa imenyesha wiki ile.

“Toto.”

Haikuwa kuimba. Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka.

Yahya alitabasamu. “Huyu naye anaita mrembo wake,” alisema. Hakujua kwamba kwetu sisi Wateso, toto ni mama.

Shangazi alimbana nyanya mkono. Kwetu, ukiitwa wakati wa giza huitikii mara ya kwanza. Aliyekufa huita mara moja tu. Aliye hai ataita tena. Kwa hiyo wakangoja, na nyanya alikuwa amezuia pumzi.

Kssss…

“Toto.”

Machozi yalimtoka nyanya. Bado alingoja.

“Toto.”

“Niko hapa, mwanangu,” nyanya akaitika. “Njoo nyumbani.”

Shangazi anasema hajawahi tena kuuona uso wenye furaha kama ule.

Yahya akainua sindano. Aliisogeza santuri karibu na taa, akapitisha kidole juu yake.

“Pole, mama,” alisema. “Hapa imekwaruzwa. Sindano inarudi palepale.”



Odeke alikuwa ameita mara moja.

Nyanya aliomba iwekwe tena. Gitaa likapiga, likakoma, sindano ikafika kwenye mkwaruzo, ikaruka, ikaruka… kimya. Hapakuwa na neno lolote. Yahya aliifunga santuri ndani ya gazeti, akampa nyanya, na alikuwa anaangalia mlango tu, akitaka watoke.

Tangu siku hiyo nyanya alipakua chakula cha mtu mmoja zaidi. Giza likiingia alikaa kibarazani, santuri mapajani. Shangazi alimsihi aizike. Alijibu kwamba amekwisha kumkaribisha mtu, hawezi kumfungia mlango.

Jioni moja shangazi alikuwa jikoni. Harufu ile ya udongo ikapita mlangoni. Kisha akamsikia nyanya akisema, kwa upole sana, “Ingia, chakula kingali moto.”

Halafu gitaa.

Nyumbani kwetu hapakuwa na gramafoni.

Alipofika kibarazani alimkuta nyanya ameegemea ukuta, amekwisha kufa. Sahani ya pili ilikuwa tupu. Santuri hatukuiona tena.

Yahya alihamia Malaba baadaye, akafia huko. Odeke hana kaburi, kwa hiyo simwandiki upande wa walio hai wala wa wafu. Shangazi Apeduno yu hai. Nikifika kwake jioni namwita mara mbili, mara tatu, na haitiki. Hutoka na taa kwanza, anitazame usoni.