Kitanzi cha Sita

Rafiki yangu Iolu, anayepandisha wageni kwenye volkano ya kisiwa cha Tanna, hapendi kuulizwa habari hii.

Siku ile alikuwa na wageni watano, kila mmoja na kitanzi chake kwenye kamba moja, naye Iolu ameishika mbele. Walipokuwa wakishuka ardhi ikatetemeka, majivu yakatanda, na mchana ukawa giza totoro. Kwa mila, kule mlimani majina hayaitwi, kwa hiyo ili kuwahesabu Iolu akasema, "Vuteni!" Kila mgeni akavuta mara moja, kwa zamu. Moja, mbili, tatu, nne, tano.

Sita.

"We mama wa mwisho, acha utani! Mbona umevuta mara mbili?"

"Nimevuta mara moja tu. Hebu muulize huyu aliye nyuma yangu."

Iolu hakuuliza. Alisikia mawe yakiporomoka mbali, na vishindo vya nyayo nyingi mno kwenye majivu.

Walipofika kwenye mwanga, wageni watano wakavua vitanzi, kamba ikalala chini. Kwenye ncha yake ya nyuma kulikuwa na kitanzi cha sita ambacho Iolu hakukifunga.

"Vuta," akanong'ona.

Kamba ikavutwa mara moja, taratibu, kuelekea mlimani.